Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Historia ya Lupus na Baridi Yabisi, Maradhi Yanayotuandama Wanawake



Kazi yangu ni kushona nguo za harusi, kwa hiyo mikono ya mabibi harusi naijua sana. Miaka michache nyuma alikuja binti mmoja kupimwa gauni. Nilimpima mchana, nikakata mikono ya gauni kwa kipimo kile. Aliporudi kulijaribu ilikuwa asubuhi mapema, na mkono wa gauni ukakwama. Nikadhani nimekosea mimi. Nikachukua futi nikapima tena. Kifundo cha mkono kimevimba, vidole vimevimba, na mkono wa pili vilevile. Hata vifungo vyake mwenyewe alishindwa kuvifunga. Usoni alikuwa na alama iliyopita juu ya pua na kushika mashavu yote mawili, na mama yake alikuwa keshamnunulia krimu ya kuifuta kabla ya siku ya harusi. Nyumbani walisema ni jicho la watu.

Harusi ilipita. Mimba ya kwanza ikaharibika. Karibu mwaka mzima ulipita ndipo hospitali ikampa jina la maradhi yake: lupus.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachopata juu ya maradhi haya na ndugu yake baridi yabisi, na kuwauliza madaktari ninaowashonea. Nilichokiona ni hiki: historia ya maradhi haya mawili ni historia yetu wanawake. Katika kila watu kumi wenye lupus, karibu tisa ni wanawake, na wengi wao wapo katika umri wa kuolewa na kuzaa. Baridi yabisi nayo inatupata mara mbili mpaka tatu zaidi ya wanaume. Na hatua nyingi za kuyajua zilianza pale mtu alipokaa akamwangalia mwanamke mgonjwa kwa makini na kumsadiki anachosema. Leo nataka tuipite historia hiyo pamoja, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo bi harusi na mama yake wanapaswa kuyajua.

Jina letu na jina lao

Sisi watu wa pwani tuna jina letu la zamani, baridi yabisi. Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu, na yabisi maana yake ni kavu. Jina hili limebeba elimu ya tiba ya Wagiriki iliyoendelezwa na matabibu wa Kiislamu, na mkubwa wao ni Ibn Sina, aliyekamilisha kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb mnamo mwaka 1025. Matabibu wale waliupima mwili kwa hali nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Maradhi yanayokaza viungo yakahesabiwa kuwa ya baridi na ukavu. Ndiyo maana bibi zetu wakituona tumekazana vidole wanakimbilia mafuta ya moto na tangawizi. Siwacheki, kwa kuwa joto kweli linatuliza maumivu. Lakini halifiki kwenye chanzo.

Ulaya nako kwa muda mrefu walichanganya mambo. Kila aliyevimba viungo aliambiwa ana jongo, na jongo lilijulikana kuwa ni maradhi ya mabwana wanaokula nyama na kunywa mvinyo. Mwaka 1800 daktari kijana wa Paris, Augustin Jacob Landré-Beauvais, aliandika tasnifu yake ya kumaliza masomo. Alifanya kazi Salpêtrière, hospitali kubwa iliyohifadhi wanawake maskini. Pale aliwaona wanawake tisa waliovimba viungo vingi kwa miaka, na wala hawakuwa watu wa kula nyama wala kunywa mvinyo. Akaandika kuwa haya si jongo tunalolijua. Hakupata kila kitu sawa, kwa sababu bado aliyaita jongo la aina nyingine. Lakini maelezo yake ndiyo wengi wanayahesabu kuwa ya kwanza kuyaeleza vizuri maradhi haya. Yalitoka kwa wanawake tisa maskini ambao hakuna aliyekuwa na habari nao.

Mwaka 1859 Alfred Baring Garrod wa London aliyatenganisha moja kwa moja. Alikuwa ameshaonyesha kuwa wenye jongo wana tindikali ya yuriki nyingi katika damu, na hawa wengine hawana. Akayapa jina ambalo mpaka leo utalisikia hospitalini, rumatoidi athritisi.

Mbwa mwitu na kipepeo

Lupus ni neno la Kilatini, maana yake mbwa mwitu. Tangu zama za kati matabibu wa Ulaya waliliita hivyo donda lolote linalokula uso, kama vile mnyama ameng'ata. Ndani ya jina hilo yalichanganywa maradhi mengi, hata kifua kikuu cha ngozi.

Katika miaka ya 1840 Ferdinand von Hebra wa Vienna aliieleza alama inayokaa juu ya pua na mashavu akaifananisha na kipepeo aliyetandaza mbawa. Mwaka 1851 Mfaransa Cazenave akayapa maradhi haya jina lake la kitaalamu, lupus yenye wekundu. Mpaka hapo wote waliona ni ugonjwa wa ngozi tu. Ni Moritz Kaposi, mkwe wa Hebra, ambaye mwaka 1872 aliandika kuwa lupus huingia ndani ya mwili: homa, kukonda, viungo kuuma, hata kifo. Baadaye William Osler wa Baltimore, Marekani, akaonyesha jinsi inavyogusa figo, moyo na mapafu, hata pale ambapo ngozi haionyeshi mengi.

Hapa naomba tusimame kidogo. Madaktari wale waliandika "wekundu" kwa sababu wagonjwa waliowaona walikuwa Wazungu. Kwenye ngozi zetu alama ile mara nyingi haiwi nyekundu. Inakuwa nyeusi zaidi ya ngozi, au rangi ya zambarau, au inaacha baka jeupe katikati. Anayetafuta kipepeo mwekundu kwenye uso wa maji ya kunde au mweusi hatampata. Kwa miaka mingi pia vitabu viliandika kuwa lupus ni adimu Afrika, wakati wanawake wenye asili ya Afrika walioko Marekani na Uingereza wanapata lupus zaidi ya wenzao weupe, na inawaumiza zaidi. Kama huko ni wengi na huku ni wachache, inafaa kujiuliza ni wangapi huku hawajapimwa.

Mlinzi anayempiga mwenye nyumba

Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikuwahi kuuelewa msemo huu vizuri mpaka niliposoma habari za kinga ya mwili.

Mwenyezi Mungu ametuwekea askari ndani ya miili yetu wa kupigana na vijidudu. Katika maradhi haya mawili askari hao wanakosea. Wanamgeukia mwenye nyumba. Katika baridi yabisi wanashambulia zaidi utando wa ndani ya viungo, mpaka mfupa unaliwa na vidole vinapinda. Katika lupus wanaweza kushambulia popote: ngozi, viungo, damu, figo, moyo, ubongo.

Jambo hili lilijulikana polepole. Mwaka 1940 Erik Waaler wa Norwe aliona katika damu ya wagonjwa wa baridi yabisi kitu kinachofanya chembe nyekundu zigandamane. Ndicho leo kinachotafutwa kwenye kipimo kinachoitwa RF. Mwaka 1948 Malcolm Hargraves na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliona kwenye hadubini chembe nyeupe zimemeza kiini cha chembe nyingine, wakajua wameshika alama ya lupus. Katika miaka ya 1950 kikatokea kipimo cha kingamwili zinazoshambulia viini vya chembe zetu wenyewe, ndicho kinachoitwa ANA.

Lakini dada zangu, kipimo kimoja hakitoshi. Karibu kila mwenye lupus ana ANA, lakini wapo watu wengi wazima kabisa ambao nao wanayo. RF nayo inaweza kutokea kwa mwenye maradhi mengine, na wapo wenye baridi yabisi ambao hawana. Kwa hiyo daktari mzuri hakusomei karatasi tu. Anakuuliza, anakushika viungo, anapima presha, anapima mkojo. Kipimo cha mkojo ni cha bei nafuu na ndicho kinachoonyesha mapema kama figo zimeanza kuguswa.

Sindano ya mwaka 1948

Katika hospitali hiyohiyo ya Mayo alikuwepo daktari Philip Hench. Kwa miaka aliona jambo la ajabu: wanawake wenye baridi yabisi wakishika mimba, wengi wao maumivu yanapungua, na wakijifungua yanarudi. Aliona pia wagonjwa wakipata homa ya manjano ya ini wanapata nafuu. Akasema lazima mwili wenyewe unatengeneza kitu kinachotuliza maradhi haya. Mwenzake Edward Kendall alikuwa akichunguza vitu vinavyotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Septemba 1948 walimdunga kimoja kati ya vitu hivyo mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa hawezi kutembea. Baada ya siku chache aliinuka, na haikupita muda akatoka kwenda madukani. Kitu kile kikaitwa kotisoni. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa Tuzo ya Nobel.

Furaha haikudumu kama ilivyoanza. Dawa ikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu, uso unavimba na kuwa duara, mifupa inakuwa dhaifu, presha na sukari vinapanda. Na ikiachwa ghafla mgonjwa anaweza kuanguka. Ndugu yake kotisoni tunayemjua sisi ni prednisoloni, na mpaka leo anaokoa maisha lupus inaposhika figo. Ila anataka kipimo cha daktari, na kupunguzwa kidogokidogo. Usiache kwa sababu shoga yako kakwambia umenenepa uso.

Sasa mabibi harusi nisikilizeni. Krimu nyingi za kung'arisha na mikorogo zina dawa za ukoo huohuo wa kotisoni, na nyingine zina nguvu kubwa. Ukipaka juu ya alama ya lupus inaweza kufifia kwa wiki mbili, ukapendeza kwenye picha, na maradhi yakaendelea kula ndani. Yule binti wangu alipakwa. Alama ilipotoka tukasifu, mimi nikiwemo. Singo, liwa na hina fanyeni kama desturi, lakini alama ya usoni inayozidi ukikaa juani ioneshe hospitali kabla hujaificha.

Dawa tunayoijua tangu utotoni

Hii ndiyo sehemu iliyonishangaza kuliko zote. Mwaka 1894 daktari Payne wa London alikuwa akiwapa wagonjwa wa lupus kwinini, dawa ya malaria. Wengi hawakumfuata. Kisha ikaja Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java, kulikokuwa na mashamba makubwa ya miti ya kwinini. Majeshi ya Uingereza na Marekani yakalazimika kuwapa askari wao dawa ya kutengenezwa viwandani iitwayo mepakrini, kidonge kila siku, mpaka ngozi ikawa ya njano. Askari wa KAR kutoka Afrika Mashariki waliopelekwa Burma walikuwa katika jeshi la namna hiyo. Inasimuliwa kuwa baadhi ya askari waliokuwa na vipele na maumivu ya viungo walipata nafuu. Mwaka 1951 daktari Francis Page akaandika katika jarida la The Lancet kuwa mepakrini imewasaidia wagonjwa wake wa lupus.

Baada ya hapo wakahamia klorokwini. Ndiyo, klorokwini hiyohiyo tuliyomezeshwa utotoni ikatuwasha mwili mzima, mpaka Tanzania Bara ilipoiacha mwaka 2001 na Zanzibar mwaka 2003, kwa kuwa malaria ilishaizoea. Ndugu yake mpole zaidi, haidroksiklorokwini, aliidhinishwa Marekani mwaka 1955, na leo ndiye nguzo ya matibabu ya lupus. Karibu kila mgonjwa anapaswa kuwa naye, isipokuwa kama daktari ana sababu ya kumzuia. Hupunguza maradhi kulipuka na hulinda figo. Macho yapimwe mwanzoni na baadaye kila baada ya muda, kwa sababu ikitumika miaka mingi inaweza kuyadhuru.

Mwaka 2020, ilipokuja korona, dunia nzima iliikimbilia dawa hii kabla ya utafiti kukamilika. Baadaye ikaonekana haiwasaidii wagonjwa wa korona, lakini wenye lupus katika nchi nyingi walikuwa wameshaikosa madukani.

Upande wa baridi yabisi, mwanamke mwenzetu anastahili kutajwa. Nanna Svartz wa Uswidi, profesa wa kwanza mwanamke katika chuo cha serikali nchini kwake mwaka 1937, ndiye aliyesimamia kutengenezwa kwa salfasalazini kwa ajili ya wagonjwa wa viungo. Mpaka leo inatumika. Baadaye ikaja methotreksati, dawa iliyoanza kama ya saratani, ikaidhinishwa Marekani kwa baridi yabisi mwaka 1988. Hii humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kukosea hapo kumeua watu. Mwaka 1992, London, Ravinder Maini na Marc Feldmann walianza kuwapa wagonjwa sindano inayozuia kitu kimoja tu kinachochochea uvimbe, nayo ikabadilisha maisha ya wengi. Sindano hizo ni ghali, na zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, kwa hiyo lazima kipimwe kwanza.

Dawa hizi zimeleta nini? Mwaka 1955 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walihesabu wagonjwa wao wa lupus wakaona karibu nusu hawakufika miaka minne tangu maradhi kugunduliwa. Leo, penye matibabu mazuri, zaidi ya tisa katika kumi wanavuka miaka mitano, na wengi wanaishi kuwaona wajukuu.

Ndoa na mimba

Zamani mwanamke mwenye lupus aliambiwa asizae kabisa. Mwaka 1983 Graham Hughes wa London na wenzake walieleza hali ambayo kingamwili fulani hufanya damu igande ovyo, na mimba kuharibika moja baada ya nyingine. Hali hiyo huwapata baadhi ya wenye lupus na hata wasio nayo. Walipoijua, wakaweza kuitibu kwa aspirini ya kiwango kidogo na sindano za kuzuia damu kuganda. Fikirieni ni wanawake wangapi wameitwa wamerogwa, wameachwa, wameletewa mke mwenza, na tatizo lilikuwa linaonekana kwenye kipimo cha damu.

Leo wengi wenye lupus na baridi yabisi wanazaa, ila kwa mpango. Lupus inatakiwa itulie kama miezi sita kabla ya mimba. Haidroksiklorokwini inaendelea hata ukiwa mjamzito. Methotreksati inadhuru mtoto tumboni, na huachwa mapema kabla ya kutafuta mimba, kwa maelekezo ya daktari. Kwa hiyo bi harusi anayetumia dawa asiache kumwambia daktari tarehe ya harusi yake. Na mume mtarajiwa aambiwe kabla ya nikaha. Najua wazazi wanaogopa posa itavunjika. Lakini siri hii haikai, kwa sababu dawa humezwa kila siku na nyumba ni moja.

Kuhusu Ramadhani, Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Muulize daktari kwanza mwili wako unaweza nini, kisha muulize sheikh jinsi ya kulipa. Na dua na ruqya haviachwi, lakini Mtume wetu (S.A.W) ametufundisha pia kutafuta dawa. Nabii Ayyub (A.S) tunamsifu kwa subira, na Allah alipotaka kumponya alimwelekeza kwenye maji ya kuoga na kunywa. Subira yake haikumzuia kuitumia tiba aliyoelekezwa.

Basi kama asubuhi mikono yako inakaza zaidi ya nusu saa, na uvimbe upo pande zote mbili kwa wiki kadhaa, nenda hospitali. Kama una alama usoni inayozidi juani, nywele zinatoka, vidonda mdomoni, uchovu usioisha, miguu inavimba au mkojo una povu, nenda, na uombe mkojo upimwe. Mabingwa wa maradhi haya ni wachache kwetu, kwa hiyo ukiambiwa huna kitu na bado unaumwa, rudi tena. Andika siku gani kiungo gani kimevimba, upige na picha kwa simu, maana uvimbe wa asubuhi mara nyingi daktari wa mchana haukuti.

Binti yule sasa yupo kwenye dawa. Bado ana siku mbaya. Sikukuu iliyopita nilimshonea abaya, na mikono yake nilimpima asubuhi.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, na atupe macho ya kuonana sisi kwa sisi. Amin.

Wassalaam alaykum.